MKAGUZI WA HESABU NA LIKIZO YA KARANI



Kuna manung'uniko katika matawi kwamba mkaguzi wa hesabu za chama chetu cha akiba aja bila kutoa habari, na kwamba mweka hazina huambiwa achukue likizo na kuwaachia wengine vitabu. Wengine wasema huko ni kumvunjia mtu mzima heshima. Sisi hatukubali. Desturi hii imetoka kwa wakaguzi wa ndani wa mabenki, na yafaa ijulikane.

Mkaguzi wa benki hapigi mbiu. Huingia asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, akahesabu pesa za makeshia wote wakati mmoja, maana akihesabu droo moja moja, noti za droo ya kwanza zaweza kuhesabiwa tena katika ya tatu. Kisha huwaandikia wenye pesa kuwauliza kama kiasi kilichomo kitabuni ni kweli. Tena hutazama sana hesabu zilizolala miaka mingi, hasa za wazee na za marehemu, ambazo ghafula zimeanza kutoa pesa. Siku hizi kompyuta humtolea mikopo iliyo chini kidogo tu ya kiasi ambacho meneja aruhusiwa kutoa peke yake.

Lakini mtego mkubwa ni likizo. Karani mwizi huziba pengo la jana kwa pesa za leo, na la leo kwa pesa za kesho. Hawezi kuugua, wala kwenda kwao hata kwa matanga. Mwingine akishika vitabu vyake majuma 2 mfululizo, kama wanavyoshauri wasimamizi wa mabenki huko Marekani, pengo laonekana.

Hata hivyo, mkaguzi asiyesikilizwa haokoi kitu. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilikuwa na Nick Leeson katika ofisi yake ya Singapore. Yeye alifanya biashara sokoni, na yeye tena alisimamia makarani walioiandika vitabuni. Ni kama mtu auze tikiti stesheni, kisha ajihesabie pesa zake mwenyewe. Hasara aliificha katika hesabu namba 88888. Mwaka 1994 wakaguzi wa ndani walitoka London wakaenda kule. Hasara hawakuiona, lakini waliandika wazi kwamba kazi hizo 2 zitenganishwe. Wakubwa wakaacha mambo yalivyo. Februari 1995 benki ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827, ikauzwa kwa pauni 1.

Kwa hiyo twadai taarifa ya mkaguzi isomwe mbele ya kamati nzima, si kwa mwenyekiti peke yake. Mweka hazina apewe likizo yake yote, na mshahara wake. Tena keshia mdogo asifukuzwe kwa upungufu kabla hajaulizwa mkubwa aliyetia sahihi.

Na mwanachama akipata barua ya mkaguzi, airudishe na jibu, hata kama kiasi ni sawasawa. Nyingi hutupwa.