Msitu uliouzwa kwa "-ngali-"

Katika sarufi tunafundishwa kwamba "-ngali-" hueleza jambo ambalo halikutokea: "Mvua ingalinyesha, tungalivuna." Mavuno hayo hayana shahidi. Hata hivyo, biashara ya kaboni imeyapa bei, tena kwa dola.

Tuangalie Mai-Ndombe. Tangu 2011 kuna mradi wa kuhifadhi msitu wa hektari zipatazo 300,000 kando ya ziwa, mahali palipotengwa zamani kwa ukataji wa mbao. Kinachouzwa pale si miti. Ni sentensi moja: "Mradi usingalikuwepo, msitu ungalikatwa." Kila tani ya hewa ukaa ambayo ingalitoka inahesabiwa kuwa kredi moja, na kampuni ya mbali inainunua ili kufidia moshi wake.

Moshi wa kampuni hiyo umekwisha kutoka na unapimika. Fidia yake ndiyo iliyomo ndani ya "-ngali-". Tena anayetunga sentensi hiyo ndiye muuzaji: akikuza hatari ya ukataji, kredi zinaongezeka. Mwaka 2023 jarida Science lilichapisha utafiti juu ya miradi 26 ya aina hii katika nchi sita. Mingi haikupunguza ukataji wa miti kwa kiasi cha maana, na iliyopunguza ilifanya hivyo kwa kiasi kidogo kuliko ilivyodai.

Wapo wanaosema kwamba bila pesa hizo msitu wetu hauna mtetezi. Hoja hiyo ina uzito: mtu anayeishi kwa kuchoma makala hawezi kula hotuba. Wala sisemi kila soko ni bure. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2005, viwanda na vituo vya umeme vimewekewa kikomo cha moshi, na kikomo hicho kinashushwa mwaka hadi mwaka. Kinachohesabiwa huko ni moshi uliotoka kweli, na umepungua. Kwa hiyo ubaya hauko katika kuuza na kununua, bali katika kuuza dhana kana kwamba ni kipimo.

Msitu wa Kongo ulipwe kwa kile kinachoonekana: hektari zilizosimama leo, zikaguliwe tena mwaka ujao. Malipo hayo yasiwe ruhusa ya mtu mwingine kuchafua hewa.

Na sisi wa lugha tuna kazi. Kwa wengi wetu "kredi" maana yake ni deni. Mwanakijiji anayesikia kwamba msitu wake umetoa kredi ana haki ya kuuliza anadaiwa na nani. Mkataba wa msitu uelezwe kwa Kilingala, Kisakata na Kintomba kabla ya kutiwa sahihi, na sentensi ya "-ngali-" isomwe kwa sauti mbele ya wote. Wazee wanaoujua msitu huo ndio wa kwanza kuweza kusema kama ni kweli ungalikatwa.