Ukurasa Umechapwa kwa Ajili ya Nani?

Mwaka 1895, kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa kutoka Mombasa, Taveta tayari ilikuwa na jarida lake. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) waliokaa Mahoo, huko huko Taveta, Kasisi Steggall akiwa mbele, walikuwa wakitoa Taveta Chronicle, na waliendelea nalo hadi 1901. Wanaoandika historia ya magazeti ya Kenya hulihesabu miongoni mwa ya mwanzo kabisa nchini. Wale wanaodhani kila kilichochapwa kilitokea Mombasa au Nairobi wangefanya vyema kulikumbuka.

Lakini fahari hiyo ina walakini. Jarida lile lilikuwa la Kiingereza, na wasomaji wake hasa walikuwa Wazungu na wafadhili wao ng'ambo. Upande wa Voi mambo hayakuwa tofauti: J. A. Wray, aliyefika Sagalla mwaka 1883, alichapishiwa London mwaka 1894 kitabu kuhusu lugha ya Kitaita, na kitabu chenyewe kilikuwa cha kumfunza Mwingereza. Mtoto wa Sagalla au wa Taveta alikaa jirani na karatasi ambayo haikumkusudia yeye.

Suala hilo halijazeeka. Tangu 2018 serikali imekuwa ikipeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na chake. Ni hatua kubwa, hasa kwa anayekumbuka vichwa vitano vikigombea ukurasa mmoja. Hata hivyo, kuhesabu vitabu stoo si sawa na kuhesabu wanaovisoma.

Ushahidi uko humu humu nchini. Mwaka 1996 shule 25 za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, na watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kutuzwa Nobeli ya uchumi mwaka 2019, wakalinganisha matokeo yao na ya shule ambazo hazikupewa. Kwa wastani, alama hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na vilikwenda kwa kasi ya mwanafunzi wa mjini mwenye mzazi msomi. Wapinzani wa karatasi hupenda kuutaja utafiti huo, nao huishia hapo.

Wangeendelea wangekutana na Tusome. Mpango huo ulioenea nchi nzima kuanzia 2015 ulimpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu cha Kiswahili na cha Kiingereza, chenye sentensi fupi anazoweza kuzimudu, na ukampa mwalimu mwongozo unaoonyesha somo la leo linaanzia wapi na kuishia wapi. Vishikwambi navyo vilikuwepo, ila waliopewa ni maafisa wanaozunguka kuwakagua na kuwasaidia walimu. Huo ni mgawo wa busara. Jaribio la awali huko Kisumu lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba kumpa mtoto kifaa cha kusomea hakukumfikisha mbali kuliko mbinu za bei nafuu zaidi. Na bado, mwaka 2016, vishikwambi vilivyotokana na ahadi ya uchaguzi wa 2013 vilianza kusambazwa kwa watoto wa darasa la kwanza.

Jarida hili halina ugomvi na skrini. Linachosema ni kwamba ukurasa uliochapwa una sifa moja ambayo darasa haliwezi kuikosa: unabaki. Mwalimu akifuta ubao, sentensi aliyoikwaa mtoto bado ipo. Anaweza kuirudia jioni, kuiwekea kidole, kumwonyesha dada yake. Sifa hiyo hupotea kitabu kinapofungiwa kabatini kwa hofu ya kuchakaa, na hupotea pia kikiwa hakieleweki.

Kwa Taita Taveta, kueleweka kuna uzito wa pekee. Tangu ripoti ya elimu ya kamati ya Gachathi ya 1976, sera imetaka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Mjini Voi, palipochanganyika watu wa kila upande, Kiswahili kinatosha. Ukipanda Wundanyi au ukielekea Taveta, anayeanza shule huja na Kidawida au Kitaveta, na mwalimu wake hana mengi ya kumpa asome katika lugha hizo. Mchapishaji wa Nairobi, akilitazama soko dogo namna hiyo, hana haraka.

Kwa hiyo walimu wasimngoje. Ngano za bibi, maelezo ya kulima mtoni, habari ya ndovu waliovamia shamba, yote hayo yakiandikwa kwa sentensi sita na kutolewa kopi ni kitabu cha kusomea. Kurasa za kati za toleo hili zimebeba hadithi fupi za aina hiyo. Hazina picha za rangi wala matangazo, na herufi zake ni kubwa, ili zikipitishwa kwenye mashine ya fotokopi zisitoke madoa matupu.