Siku ya kura kwa sisi tusiopiga

Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya jambo ambalo wengi wanalisema kwa sauti ya chini. Mzazi mwenye watoto wadogo asome kwanza peke yake, halafu aamue.

Tarehe 15 Januari 2026 Uganda ilipiga kura. Sisi wakimbizi hatupigi, hilo kila mtu analijua. Intaneti ilikatwa siku mbili kabla, watu wakabaki na redio. Tarehe 17 ikatangazwa kwamba Rais Museveni ameshinda muhula wa saba. Kwa familia nyingi hapa swali lilikuwa usalama wa barabara na bei ya unga.

Lakini tuko na majirani waliokuwa na swali lingine: wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake. Wako hapa Nakivale, tusijifanye hatuwaoni. Wengine wametoka Burundi, ambako katazo liliandikwa mwaka 2009. Wengine walipita Kakuma kule Kenya kwanza. Kwenye kampeni hatukusikia mgombea hata mmoja akiahidi kufuta sheria ya mwaka 2023, basi tumaini lao halikuwa juu ya mshindi. Walitaka tu siku ipite bila mtu kugonga mlango. Kijana mmoja alijaza majerikani toka jana yake ili asiende bombani, maana foleni ya bomba ndiyo redio yetu ya pili, na siku kama ile watu wanatafuta wa kumlaumu.

Sheria yenyewe ni kali, hatuwadanganyi. Bunge liliipitisha tarehe 21 Machi 2023. Fox Odoi-Oywelowo, mbunge wa chama tawala chenyewe, aliipinga waziwazi, na rais akaweka sahihi mwezi wa Mei. Ndani yake kuna kifungo cha maisha, kuna hukumu ya kifo kwa makosa yanayoitwa mazito zaidi, na kuna mpaka miaka 20 kwa anayehesabiwa kwamba "anaeneza". Hayo mahakama haikuyagusa.

Sasa, wiki ile ya uchaguzi uvumi ulizunguka kwamba kila mtu ni lazima amripoti jirani yake, na kwamba mwenye nyumba akimpangisha mtu wa namna hiyo atafungwa naye. Mwaka 2023 ndivyo ilivyoandikwa kweli. Ila tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele hivyo, cha kuripoti na vya nyumba, na kingine kilichogusa ugonjwa. Hiyo ndiyo habari ambayo haikufika bombani. Hakuna sheria inayomlazimisha mama wa Nakivale kwenda polisi kumsema mtoto wa jirani. Na kumpiga mtu, hata awe nani, ni kosa.

Wanaotumaini bado wanatazama mahakamani kuliko kwenye sanduku la kura, na wana sababu. Sheria ya kwanza, ile ya mwaka 2014, ilifutwa tarehe 1 Agosti mwaka uleule kwa sababu Bunge halikuwa na akidi siku ya kuipitisha. Hii ya sasa walalamikaji waliikatia rufaa Mahakama ya Juu mwaka 2024.

Kule Kakiika mama mmoja mwenye nyumba alitaka kumtoa mpangaji wake, mkimbizi, siku mbili kabla ya kura. Hakuwa na chuki naye. Aliogopa askari tu. Tulikaa naye, tukamweleza pole pole kilichofutwa. Akauliza mara tatu kama ni kweli. Mwishowe akasema:

"Basi akae. Lakini kodi ya Desemba ailipe."

Ameilipa.