Gari "ya kabla ya Mapinduzi"? Nionyeshe namba!

Jamani, leo nimekasirika. Na wala sijamkasirikia dalali, huyo yuko kazini. Nimetukasirikia sisi tuliosoma.

Kisa chenyewe hiki. Mjomba wangu kastaafu, kapata kiinua mgongo chake, akaona anunue Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, aikodishe kwenye maharusi na kwa watalii wa Forodhani. Wazo zuri tu. Dalali akamwambia gari ni ya 1963, "ya kabla ya Mapinduzi," imeingia Unguja enzi za Sultani. Kadi nayo imeandikwa 1963. Kwa hadithi hiyo bei ikapaa, na mjomba akalipa. Jaws Corner watu wakanywa kahawa wakimpongeza.

Mimi nikaomba kitu kimoja: tuinue kiti cha nyuma. Kwenye Volkswagen hizi namba ya chesisi imegongwa hapo chini, katikati ya sakafu. Tukafuta vumbi. Namba ina tarakimu kumi, inaanza na 113, halafu 2. Fundi akachekelea: "Si unaona sheikh, hiyo 3 ndiyo sitini na tatu!"

Hapana. Utaratibu wa kuandika mwaka ndani ya namba Volkswagen waliuanza na modeli ya 1965. Tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya gari (11 ni kobe wa kawaida), ya tatu ni mwaka. Kwa hiyo 115 ni 1965, 117 ni 1967. Walipofika 1970 wakarudi sifuri, na ili miaka isichanganyike, namba ya mfululizo inayofuata ikaanzia milioni mbili. Ndiyo hiyo 2 tuliyoiona. Basi 113 yenye 2 mbele yake ni modeli ya 1973. Kobe wa 1963 wa kweli ana tarakimu saba tupu, kwenye milioni nne au tano na ushei, na mwaka haumo kabisa.

Modeli ya 1973 ilianza kutoka kiwandani Agosti 1972. Yaani gari hii ya "kabla ya Mapinduzi" haikumkuta hata Mzee Karume, aliyeuawa Aprili 1972! Hata zile taa kubwa za duara za nyuma zilikuwa zinapiga kelele, maana zilianza na modeli hiyohiyo. Mjomba akaniambia taratibu, "Mjomba, ungekuja wiki iliyopita." Hapo ndipo nilipoumia.

Sasa nikawauliza rafiki zangu wenye digrii, wote wana magari: nani amewahi kulinganisha namba ya chesisi na kadi yake? Kimya. Watu haohao wakinunua simu Darajani wanabonyeza *#06# kabla hawajatoa hela! Simu inakaguliwa, gari la mamilioni tunalipiga teke tairi, tunawasha redio, tunasema "ipo poa".

Na wanaojitia wajuzi ndio balaa. Mtu anachukua namba ya Vitz yake, SCP10 na tarakimu saba, anaibandika kwenye tovuti ya Kimarekani, inakataa, anatangaza gari ni feki. Ndugu yangu, namba ya tarakimu na herufi 17 Marekani waliilazimisha kuanzia modeli ya 1981. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana namba hiyo. SCP10 inakwambia injini na umbo, haikwambii mwaka, na Vitz ya umbo hilo ilitoka tangu 1999 hadi 2005. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani nacho kinaonyesha lini lilisajiliwa mara ya kwanza. Ukitaka kupeleleza, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho usome lebo yake. Mkanda hauwezi kuwa mpya kuliko gari, labda uwe umebadilishwa.

Na kwenye namba ya 17 herufi I, O na Q hazitumiki. Ukiikuta O imegongwa kwenye chesisi yenyewe, usiulize bei. Kimbia.

Najua mtaniambia: gari kongwe ni kongwe, miaka kumi ni nini? Miaka kumi ni spea zisizoingia. Miaka kumi ni pesa ya mzee aliyefanya kazi maisha yake yote. Na namba isiyolingana na kadi inaweza kuwa gari la wizi, au mawili yaliyounganishwa kwa puti na rangi. Siku polisi watakapouliza, dalali hatakuwepo. Utakuwepo wewe.

Tena mnaopiga msasa chesisi ili "ipendeze", mnafuta cheti cha kuzaliwa cha gari. Historia ya kisiwa hiki imejaa hadithi tamu za barazani, sitaki nyingine ya kutungwa ili kupandisha bei.

Mjomba bado anaikodisha. Harusi ya kwanza imeshapita, bibi harusi kapendeza. Ila kwenye kioo nimembandikia karatasi: "Modeli ya 1973." Dalali kaninunia.

Anune.