Jiko Lisiwe Pango la Masizi

Mithali ya wazee yasema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Mara nyingi mgeni hukaribishwa katika sebule iliyopakwa rangi nzuri, naye hurudi kwake akiisifu nyumba. Lakini mama wa nyumba hiyo, ambaye hukaa jikoni saa nyingi kuliko mahali pengine po pote, hufanya kazi kati ya kuta nyeusi kwa masizi, na mtoto yu mgongoni. Fedha imetumika palipo na wageni, isifike palipo na afya.

Rangi ifaayo jikoni ni nyeupe iliyopoa, kama ya maziwa au ganda la yai. Weupe mkali huumiza macho jua liingiapo dirishani, na rangi za giza humeza nuru na kuficha uchafu. Nyeupe iliyopoa hueneza nuru ya dirisha dogo hata pembeni, mpishi akaona jiwe katika mchele na mdudu katika mboga. Watu wa Lamu walilijua jambo hili zamani: vyumba vya ndani vya nyumba zao za mawe vilipigwa lipu ya chokaa, na nuru ya uani ikafika ndani.

Kazi hii haihitaji gharama kubwa. Chokaa iliyokwisha kuzimwa, iuzwayo kwa mifuko, huchanganywa na maji hata ikawa kama maziwa, kisha huchujwa kwa kitambaa. Ili kupunguza weupe, hutiwa udongo wa manjano uliochekechwa vizuri, kidogo kidogo, na kujaribiwa kwanza mahali padogo, kwa maana rangi ikikauka hufifia. Ukuta wa udongo, mawe au saruji, usiopakwa rangi ya mafuta, hukwanguliwa masizi, huoshwa na kulowanishwa. Ndipo hupakwa mara mbili au tatu, kila mara chokaa iwe nyepesi, na kuachwa siku moja kabla ya kupakwa tena. Mpakaji asivunjike moyo akiona ukuta haujawa mweupe mara moja. Weupe huja chokaa inapokauka. Na kwa kuwa chokaa huunguza macho na ngozi, ajikinge, na watoto wakae mbali.

Lakini kupaka rangi pasipo kuutoa moshi ni kuosha kikombe na kukirudisha matopeni. Ukuta mweupe ukianza kuwa mweusi juu ya mafiga baada ya majuma machache, waonyesha kile kiingiacho mapafuni mwa mama na mtoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2, na miongoni mwao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000.

Basi kwanza dohani ijengwe, au nafasi pana iachwe chini ya paa. Madirisha yawe pande mbili, na kuni ziwe kavu. Kisha chokaa ipakwe. Mwenye nyumba akiisha kuipamba sebule yake, na aingie jikoni apitishe kidole ukutani. Kidole kikitoka cheusi, nyumba haijakwisha kujengwa.