Kivumbasi Nyumbani Mwetu

Mwezi huu tuzungumzie jani ambalo wengi wetu tunalipita tu nyuma ya jiko au kando ya njia ya shambani: kivumbasi. Ukilifikicha, harufu yake inakufikia mara moja. Ni ndugu wa mrehani, ule ambao dada zetu wa Pwani huutia kwenye kikuba pamoja na asumini na mkadi.

Bibi zetu walikihifadhia maharage na mahindi ili fukusi wasiyatoboe. Chuma matawi yanapoanza kutoa maua, yafunge vitita na kuyaning'iniza kivulini mpaka yakauke kabisa, kwa kuwa jua kali hupoteza harufu. Maharage nayo yaanikwe vizuri kwanza. Majani mabichi ndani ya gunia huleta ukungu, na hapo utakuwa umeharibu chakula cha watoto kwa mkono wako mwenyewe. Weka tabaka la majani, tabaka la maharage, hadi gunia lijae. Mengine tia kabatini penye nguo. Maua usiyamalize, nyuki huyapenda, na mbegu zake ndizo zitakazoota tena.

Na mbu? Ni kweli, harufu hiyo hawaipendi, na matawi mabichi dirishani husaidia kuwapunguza. Lakini kuwapunguza si kuwazuia. Siku moja tulikwenda na akina mama wa kanisani kumpongeza jirani aliyejifungua. Chumba kilinukia kivumbasi kila pembe, na chandarua kilikuwa kimekunjwa juu ya kabati.

"Kinanipa joto, dada zangu," alisema, "na mbu siku hizi hawapo."

Mtoto wake wa miaka 3 alikuwa mkekani, mwili unachemka, ameanza kulegea. Tangu juzi alikuwa akinyweshwa maji ya kivumbasi. Chai hatukuingoja. Tulimbeba hadi zahanati, akatobolewa kidole, na kwa muda wa dakika 20 hivi majibu yakatoka: malaria. Alipewa dawa mseto, akapona.

Majani yakinyauka harufu hupungua, na mbu wa malaria huuma hasa usiku, sisi tukiwa usingizini. Kwa hiyo mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Mchanga asiyetimiza miezi 6 apewe maziwa ya mama tu, si maji ya majani yoyote. Usimfunike mtoto blanketi na chungu cha kujifukiza. Tumewafunga bandeji waliomwagikiwa. Wala usichome majani chumbani alimolala, moshi humwumiza kifua.

Jirani yetu hatukumng'olea kivumbasi chake. Jioni ile tulipigilia misumari 4, tukafunga chandarua na kukichomeka chini ya godoro. Kwa ajili ya joto, tulisogeza kitanda karibu na dirisha.