Ahadi bila mdhamini: Funzo la Ukraine kwa Kenya

WAKULIMA wa majani chai wa Kebirigo, katika Kaunti ya Nyamira, wanaijua vyema tofauti kati ya shahidi na mdhamini. Anayeomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo huleta wadhamini, na asipolipa, akiba yao ndiyo hukatwa. Shahidi huthibitisha tu kwamba mapatano yalifanyika. Yeye hakatwi hata senti.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha hati iliyotiwa sahihi mjini Budapest, Hungary, Desemba 5, 1994. Walioweka sahihi ni Marais Bill Clinton wa Marekani, Boris Yeltsin wa Urusi na Leonid Kuchma wa Ukraine, pamoja na Waziri Mkuu wa Uingereza, John Major. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Ukraine ilirithi takriban vichwa 1,900 vya nyuklia vya makombora na ndege za masafa marefu, ingawa mamlaka ya kuvitumia yalibaki Moscow. Ilikubali kuviachilia, na kufikia Juni 1996 vyote vilikuwa vimepelekwa Urusi.

Ukraine ililipwa nini? Iliahidiwa kwamba mipaka yake ingeheshimiwa na kwamba nguvu za kijeshi hazingetumika dhidi yake. Kama ingeshambuliwa kwa silaha za nyuklia, suala hilo lingepelekwa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kama utata ungezuka kuhusu ahadi zenyewe, wahusika wangeshauriana. Wanadiplomasia wa Marekani walikwepa makusudi neno lenye maana ya dhamana, kwa kuwa dhamana waliiweka kwa washirika wao wa NATO, ambao shambulio dhidi ya mmoja huhesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote.

Kasoro ilikuwa wazi tangu mwanzo. Urusi, mmoja wa watoa ahadi, ina kura ya turufu katika Baraza hilo hilo la Usalama. Ilipoitwaa Crimea mwaka 2014, na hatimaye ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, mlalamikiwa alikuwa ameketi katika kiti cha hakimu.

Vishindo vya uvamizi huo vilifika Nyamira. Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani, na mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 uliuzwa nchini Kenya kwa zaidi ya Sh6,000, hadi serikali ilipotoa ruzuku na kuushusha hadi Sh3,500 mnamo Septemba. Mkulima ambaye hakuwahi kusikia habari za Budapest alilipia ahadi iliyovunjwa.

Mataifa mengine nayo yamejifunza, na funzo lenyewe linatisha. Libya ilitangaza kuacha mpango wake wa silaha za nyuklia Desemba 2003. Oktoba 2011 Muammar Gaddafi aliuawa baada ya majeshi ya NATO kuwasaidia waasi kwa mashambulizi ya angani. Iran ilitia sahihi mapatano ya mwaka 2015, Marekani ikajiondoa Mei 2018, na Juni 2025 vituo vya nyuklia vya Iran vikashambuliwa kwa mabomu na Israel na Marekani. Korea Kaskazini ilijitoa katika Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia mwaka 2003 na kulipua bomu lake la kwanza la majaribio mwaka 2006. Utawala wake ungali madarakani.

Hata hivyo, anayehitimisha kwamba bomu ndilo kinga anakosea. India na Pakistan, zote zenye silaha hizo, zilishambuliana kwa makombora na ndege zisizo na rubani Mei 2025. Pakistan ndiyo mnunuzi mkuu wa chai ya Kenya. Vita kamili baina ya majirani hao vingeutikisa mnada wa Mombasa, na mkulima wa Kebirigo angeyaona matokeo katika bonasi yake.

Afrika ilichagua njia nyingine mapema. Ufaransa ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, nchini Algeria, Februari 13, 1960. Mkutano wa viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964 ulitoa maamuzi mawili makubwa: bara hili lisiwe na silaha za nyuklia, na mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iheshimiwe. Uamuzi huo wa pili ndio aliouegemea Balozi Martin Kimani alipoitetea mipaka ya Ukraine katika Baraza la Usalama, siku chache kabla ya uvamizi.

Uamuzi wa kwanza ulizaa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo Aprili 11, 1996 na kuanza kutumika Julai 15, 2009. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa imekwisha kuteketeza mabomu yake sita, kama Rais F.W. de Klerk alivyotangaza Machi 1993. Itifaki ya mkataba huo huyataka mataifa yenye nyuklia yasiwashambulie wala kuwatishia wanachama wake kwa silaha hizo. Uingereza, Ufaransa, China na Urusi zimeiridhia. Marekani iliitia sahihi mwaka 1996, lakini Seneti yake, iliyopelekewa itifaki hiyo mwaka 2011, haijaiidhinisha.

Jambo hilo linaigusa Kenya moja kwa moja. Juni 2024 Marekani iliipa hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuipata. Hadhi hiyo hurahisisha ununuzi wa zana na mafunzo ya kijeshi. Haiilazimu Marekani kuilinda Kenya ikishambuliwa.

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Nairobi ina kila sababu ya kumdai rafiki yake huyo, pamoja na wenzake wa Umoja wa Afrika, amalize kazi aliyoianza mwaka 1996. Na kabla ya kutia sahihi mapatano yoyote ya ulinzi, iulize swali ambalo kila chama cha mikopo huuliza: mambo yakiharibika, atakatwa nani?